Bi Hodi Anaacha Kuuza

Mheshimiwa Ofisa Biashara, Bibi Mwenyekiti wa umoja wa akina mama wauzao bidhaa majumbani, ndugu wageni waalikwa, mashemeji zangu, nanyi mliobanana pale mlangoni kwa kukosa viti: salamu kwenu nyote. Nimeombwa nimuage dada yangu kwa sababu mimi ndiye mdogo wake, na ndiye mteja wake wa kwanza. Nimekubali, lakini niseme mapema kwamba nimesimama hapa kichwa kikinizunguka. Mkiona napotea njia, nirudisheni.

Mnamjua. Sabuni, mafuta ya kupaka, marashi, mabakuli ya plastiki yenye vifuniko visivyovuja, vyote vimeingia majumbani mwenu ndani ya mkoba wake, sauti ikitangulia: "Hodi, hodi, wenyewe mpo?" Ndipo mkamwita Bi Hodi. Nani hapa hajawahi kununua bakuli asilolihitaji kwa sababu tu dada yangu alikaa, akasikiliza visa vya mkweo mpaka mwisho, ukaona haya kumwacha aondoke mikono mitupu?

Zikaja habari za sheria inayopendekezwa. Sitawaficha, mimi niliipigia makofi. Jirani yangu aliuziwa krimu sebuleni kwake, krimu isiyo na hata jina, uso wa binti yake ukababuka harusi ikiwa mlangoni, na aliyeiuza hakuonekana tena. Sheria ilitaka kila muuzaji ajulikane, awe na kibali, na asiingie nyumba ya mtu kuuza kabla hajaalikwa. Nani angepinga? Nikamwambia dada, "Hii inakulinda wewe dhidi ya matapeli." Akafunga mkoba wake, akaaga.

Kisha akaacha kuja kwangu. Siku hizo nilikuwa nimeteleza bafuni nikavunjika mguu, nikawa wa kulala tu. Walikuja wote kunijulia hali, hata wifi yangu ambaye hatuivi chungu kimoja, ila dada wa tumbo moja sikumwona. Nikanuna. Mchana mmoja nikachungulia dirishani, nikamwona ng'ambo ya barabara na mkoba wake, anautazama mlango wangu kama mgeni aliyepotea. Nikampigia simu.

"Dada, unafanya nini juani?"

"Nimekuletea mafuta ya kukanda mguu."

"Si uingie!"

"Unanialika kama mgonjwa au kama mteja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Wenzake walikuwa wamemtia hofu kwamba ukikutwa na mkoba kwenye nyumba usiyoalikwa, bidhaa zote zinachukuliwa. Na sheria yenyewe ilikuwa bado haijapita!

Mheshimiwa, ulipoitisha mkutano wa kukusanya maoni, nilikuja kwa magongo, yeye kando yangu. Unalikumbuka swali lake? "Nikimpelekea mdogo wangu mafuta, akanilipa, mimi ni dada au ni mfanyabiashara?" Ulifunua makaratasi, ukayafunika, ukamtazama mwanasheria wako, mwanasheria akatazama dari. Ukasema, "Mama, inategemea." Ukumbi ukaangua kicheko. Sikukumbushi ili nikuaibishe. Ulisema kweli, na kile kifungu ukakirudisha kikaandikwe upya. Mpaka leo tunakisubiri.

Basi kwa nini aache sasa, wakati hakuna aliyemkataza? Nilimuuliza jana, tumekaa kitandani kwangu tunakunja nguo.

"Sheria ikija nitaizoea," akaniambia. "Shida ni lile swali. Niliwauliza wao, likarudi nami nyumbani. Siku hizi nikikaa kwa mtu najiuliza: namsikiliza, au nasubiri anunue? Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza."

Nilitaka kumwambia ni vyote viwili, na kwamba hakuna ubaya. Lakini mimi mwenyewe, sabuni zile zote zilizojaa kabatini kwangu, nilizinunua kwa sababu nilizihitaji, au nilizinunua ili akae kidogo zaidi? Sijui. Nikitaka kuilaumu serikali, namkumbuka yule bibi harusi na uso wake. Nikitaka kuisifu, namwona dada yangu amesimama juani. Nifanyeje, ndugu zangu? Mwenye jibu na anifuate baada ya shughuli hii, nitamshukuru.

Dada, simama watu wakuone. Umewatunza watoto wako kwa jasho lako, hukumdhuru mtu ngozi wala moyo, na sisi tulionunua tumeridhika. Kuanzia kesho utakuja kwangu bila mkoba, bila bidhaa ya kunionyesha, nami naogopa kidogo, maana sijui tutaanzia wapi kuzungumza. Njoo hivyo hivyo. Hata tukikaa kimya, njoo.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio, na kwa kunivumilia.