Chozi la Kadeti wa Kona ya Kushoto

Siku ya mazishi ya kiongozi wa nchi, Kinyozi aliigeuza televisheni ya dukani ielekee nje, ili wanakijiwe waone wakiwa benchini na birika lao la kahawa. Mteja hakuwapo, na hata angekuwapo, moyo wa kunyoa ungetoka wapi? Kwenye kona nne za jeneza walisimama makadeti wanne, vichwa chini, bunduki zimegeuzwa midomo ikagusa buti, na mmoja wao alikuwa mwanawe. Mama wa kijana huyo alizikwa miezi miwili nyuma, na kijana hakupewa ruhusa ya kutoka kambini kuja kuzika. Tangu hapo akipigiwa simu ni "Salama, baba," basi, anakata. Hakulia hata mara moja. Hilo lilimwachia Kinyozi upweke mkubwa kuliko kile kitanda kilichobaki nusu. Alihofia wamemgeuza mwanawe jiwe.

— Wako ni huyo wa kushoto, siyo? aliuliza Redio, mtu asiyezimika hata usingizini.

— Ndiye. Kisogo hicho nakinyoa tangu hajaota meno.

— Mbona hapepesi macho?

— Wanafundishwa, akadakia Dokta, aliyepata cheo hicho kwa kufagia duka la dawa. Wiki nzima wanalala macho wazi. Nzi akitua, hiyo ni shauri yako na Mola wako.

— Acha hizo, bwana!

— Na mgongoni wamefungwa ubao. Ukiona vyaelea, ujue vimeundwa.

Kinyozi alicheka nao, maana afadhali kucheka. Kisha kamera ikamsogelea kijana. Chozi lilimtoka, likateremka shavuni mpaka kidevuni, likaning'inia hapo. Hakulifuta. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya kitako cha bunduki.

— Lahaula! Redio akasimama. Analia!

— Halii, akabisha Dokta. Hilo ni jasho. Kofia zile zinabana.

— Jasho la jichoni? Wewe nawe! Sikiliza, ni amri kutoka juu. Kila kona ina zamu yake ya kulia. Hii ikichoka, ile inapokea.

— Basi wamemezeshwa tembe za machozi. Mimi nimeziona dukani, ziko kabatini, zimefungiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini sasa?

— Cha taifa!

Safari hii Kinyozi hakucheka.

Mama mmoja mpita njia, mgeni kabisa pale mtaani, akasimama na kikapu chake kutazama.

— Poleni, jamani. Masikini, mtoto wa watu! Marehemu ni nani yake?

Redio akafumbua mdomo, akaufumba. Dokta akainamia kikombe. Wote wawili walikuwa wamebeba jeneza la mke wa Kinyozi, na mmoja wao alishika pale ambapo kijana angeshika.

— Si nauliza tu, ndugu zangu? Amefiwa na nani?

Kinyozi alitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno, likarudi. Dokta, asijue la kufanya, akainua birika amwongezee kahawa. Yalitoka matone mawili ya masimbi, mashapo matupu.

Kamera ilikuwa imekwishahamia kwa wakubwa na miwani yao myeusi. Kinyozi akaondoka benchini, akaenda kusimama karibu kabisa na kioo cha televisheni, akangoja wamrudishe mwanawe.