Dau Lisilokatwa

Wewe unayebetua mdomo, ngoja kwanza. Hukuwapo, na walioshuhudia wangali hai. Ilikuwa dukani kwetu Podlasie, mashariki mwa Poland, theluji imefika madirishani, mwenye duka yuko ghalani. Kwenye benchi la kando ya jiko, Zenon tunayemwita Redio kakaa ncha hii, nduguye Wit Kisiki ncha ile. Tangu mazishi ya mama yao hawajapeana mkono, kisa bustani ya mitofaa. Katikati yao bibi Genowefa, anachuja makapi ya kahawa kwa meno.

— Mjukuu wangu Otylia anasomea maneno ya kale, alisema. Hili neno letu ręka, mkono, ati wazee walilitamka ronka, kabla hatujajua kuandika. Hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia. Wasomi wamelipata kwa kulinganisha vinywa vya wajukuu: Warusi, Wacheki, sisi Wapolandi.

— Kama kumjua marehemu kwa pua za watoto wake, alisema Redio, sauti imeshuka.

— Mwambie huyo limetoka kwenye shoka, alisema Kisiki. Ron, ka. Gogo linapasuka.

— Gogo ni kichwa chako, Wit, alisema bibi. Walithuania husema ranka, na kukusanya kwao ni rinkti. Mkono ni mkusanyaji.

— Basi mwambie Kisiki, alidakia Redio, Adamu hakuwa na mikono mpaka siku ya kuchuma lile tunda.

— Mwambie Redio, Adamu mwenyewe alichongwa kwa shoka.

— Nyamazeni. Wale wazee walihesabu kimoja, vingi, na katikati hesabu ya viwili peke yake. Macho, masikio, mikono. Tukisema ręce leo, yaani mikono, ndiyo hiyo hiyo ya viwili.

Genowefa akatazama viganja vyake vilivyopasuka kwa baridi. Miaka yote hiyo, na neno bado linatoka kinywani lina joto.

— Shoka, alisema Kisiki. Otylia akija Krismasi ataamua. Atakayeshindwa analeta kuni za jiko hili mpaka Pasaka.

— Lete mkono, alisema Redio.

Wakashikana mbele ya kifua cha Genowefa kabla hawajafikiri. Na dau kwetu, mtu wa tatu asipoikata mikono kwa kuipiga na kiganja chake, hakuna anayeachia.

— Kata, Genowefa, alisema Kisiki.

Mlango ukafunguka. Felicja mleta barua akakung'uta theluji.

— Kumbe mmepatana? Tangu lini?

Masikio ya Kisiki yakawa mekundu. Redio akautazama ule mkono kana kwamba si wake.

— Kata basi, bibi wee, alisema taratibu.

Genowefa akainama, akapita chini ya mikono yao, akamshika Felicja kiwiko, akatoka naye, akafunga mlango.