Wasifu wa Fundi Springi, Aliyeunga Fremu Iliyokatwa na Nduguze

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Fundi Springi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, kifungua mimba wa mshona nguo na mpiga chapa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kumwambia mwalimu kuwa kupaka rangi juu ya kutu ni uongo. Hakuomba radhi, na hakuwa na sababu ya kuomba.

Kwa miaka thelathini na mmoja alichomelea vyuma katika karakana ya mabasi. Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na muuguzi, mwanamke wa maneno machache.

Alipostaafu mwaka 2007 alinunua gari la mwaka 1961, limeoza chini kote. Alilivua bodi, akaiweka fremu juu ya magogo nyuma ya jiko. Springi za gari alizifungua bapa kwa bapa, akazisugua kwa brashi ya waya, akazipaka grisi. Wadogo zake walisema kaka amechanganyikiwa. Ni hao hao waliokuja kila mara kuazima jeki yake.

Mwaka 2019 alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Ndugu hao wawili, bila haya, wakamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Fremu haikupita getini, wakaanza kuikata. Boriti moja ya fremu ilikuwa imeshakatika mke wa marehemu alipotoka nje, akienda kumpelekea mgonjwa uji. Aliketi juu ya ile ya pili.

"Shemeji, kaka harudi yule," mmoja wa wadogo hao alimwambia.

"Basi anzeni kukata mimi."

Mnunuzi ndiye aliyeona aibu, akaondoka.

Marehemu alirudi. Alipapasa mkato ule kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hata kukata hawajui." Kwa pumzi zile za kukatika, aliiunga fremu kwa miezi saba, akitia bamba kwa ndani. Mwezi Juni 2022 alimwendesha mkewe hadi kliniki na kurudi, na gari halikulia hata kidogo.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Oktoba 2024, saa nne asubuhi. Jana, hata hajazikwa, mmoja wa wadogo zake aliuliza funguo za gari ziko wapi. Imetuuma, na tumeona isemwe hapa hapa.

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano, wadogo zake wawili walioketi mstari wa mbele, na mjane, ambaye gari limeandikwa kwa jina lake na funguo zimo mkobani mwake.

Apumzike sasa, kwa amani ambayo nduguze walimnyima akiwa kitandani.