Mama Zamu, Mshika Ufunguo wa Mfereji

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Zamu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya mwisho mkiani mwa mfereji, mahali ambapo maji yalifika yamechoka, au hayakufika kabisa. Alianza shule Januari 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na ingawa alifaulu, baba alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa, hivyo akashika jembe la kibarua.

Tarehe 9 Oktoba 1982 alifunga ndoa na fundi baiskeli, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia angali mchanga. Miaka hiyo walivuna mahindi mara moja kwa mwaka, mvua ikigoma hawakuvuna, na dalali aliyanunua yakiwa bado shambani kwa bei aliyoitaka yeye, maana mwenye shida hana sauti.

Juni 1998 wakulima arobaini na mmoja waliunda ushirika wa umwagiliaji, wakauchimba upya mfereji, wakapangiana zamu, na ufunguo wa lango kuu akakabidhiwa yeye. Vitunguu vikavunwa mara mbili kwa mwaka, vikauzwa kwa pamoja, dalali akajifunza kubisha hodi, na watoto watatu wa nyumba hii wakasoma hadi mwisho. Lakini tusifichane, usingizi wake uliishia hapo. Aliogopa kwamba mtu mmoja akiiba maji siku moja, wote watarudi kwenye vibarua, basi akawa anaukagua mfereji kabla ya chai na baada ya chai, hata mumewe akatania kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza ni mfereji.

Septemba 2011, ukame ulipokaza, alimkuta kaka yake wa tumbo moja, mwenye shamba la juu, amefungulia maji siku isiyo yake. Alilifunga lango, akamwambia, "Kaka, nikikuachia wewe leo, kesho sina mdomo wa kumkataza mwingine." Vitunguu vya kaka vilikauka, vya watu kumi na wanane wa mkiani vikapona, na ndugu hao hawakusalimiana miaka kumi na mitatu.

Februari 2023 kiharusi kilimlaza. Ufunguo ulipita mikono mitatu, ukarudishwa nyumbani kwa kukosa wa kuushika, zamu zikalegea, na kila aliyeingia chumbani aliulizwa kama maji yamefika mkiani, nasi tukamdanganya kwamba yamefika. Tarehe 2 Aprili mwaka huu kaka yake alikuja, akaulizwa vilevile, akajibu, "Hayajafika, dada. Nipe mimi ufunguo." Mama Zamu akautoa chini ya mto wa kulalia, akampa.

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomgeuza kitandani kwa zamu, na wanaushirika wote. Kaka yake hamumwoni hapa, msimfikirie vibaya, yuko langoni, kwa kuwa leo ni siku ya maji ya mkiani, na bado hatuna hakika na watu wa mashamba ya juu.

Pumzika, mama, kwa amani ambayo hukuipata ukiwa hai.