Mchicha Usioguswa na Viwavi

Benchi letu limeegemea karakana ya Fundi Betri, mahali ambapo kazi ni kidogo na maneno ni mengi. Nyuma ya karakana, palepale Fundi anapopasulia betri chakavu na kumwaga takataka zake, umeota mchicha wa kutia wivu: majani mapana, hayana tundu hata moja. Viwavi wamemaliza bustani za mtaa mzima, ila huu wanaupita. Kila jioni Fundi anamchumia mkewe fungu, maana mama ni mjamzito na kliniki wamemwambia aongeze damu. Siku hiyo, vikombe vya kahawa mkononi, tulikuwa tunatafuta sababu ya viwavi kuuogopa.

Kinyozi, tunayemwita Profesa kwa sababu ya redio yake, ndiye aliyeanza.

— Redio imesema! Kuna mimea inafyonza madini mazito ardhini, risasi sijui na nini, inayahifadhi kwenye majani. Mdudu akitafuna tu, kwisha habari yake.

— Yaani mchicha una silaha? — Dereva, mwenzetu wa benchi, akauliza.

— Silaha? Una jeshi kamili!

Fundi kichwa kikamvimba.

— Kumbe! Na risasi yote hiyo ya betri ni yangu. Miaka yote naitupa pale, kumbe nalisha walinzi!

— Basi tukiula kwa wingi, — Dereva akasema, — mbu akituuma anakufa yeye.

— Mbu ni nini? — Profesa akadakia. — Malaria yenyewe itatuomba radhi!

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikachangia kwamba mtoto wa Fundi atazaliwa ameshachanjwa. Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia.

Hapo akafika shemeji yake Fundi, mdogo wa mkewe, kuchukua mboga ya jioni. Fundi akamsimulia yote kwa mbwembwe. Binti akalipokea fungu, akaligeuzageuza.

— Sasa shemeji, mchicha huu unajuaje kwamba huyu ni kiwavi na huyu ni dada?

Mimi niliona aibu, kisha nikaogopa kabisa.

— Ule wa jana dada yako ameula? — Fundi akauliza.

— Ameula wote. Anasema mtoto anaupenda, akila tu anacheza.

Fundi akatoka mbio kuelekea nyumbani, peku, karakana ameiacha wazi.