Koropi wa Bibi Paraska Warudi Bwawani: Risala ya Wakazi wa Verbova Hreblia

Mgeni rasmi, Meja Oryna Teslenko. Mwenyekiti wa kijiji. Wazee wetu, majirani, na ninyi watoto mliokaa juu ya ukuta wa bwawa ingawa mmeshaambiwa mshuke:

KARIBU TENA

Mara ya kwanza ulipofika kijijini kwetu hakuna aliyekupigia makofi. Ilikuwa Januari, theluji imefika madirishani na wavamizi wamepiga kambi ng'ambo ya bwawa. Bibi Paraska Lysohor, mtunza samaki wetu, alisikia mlango ukigongwa asubuhi. Aliyegonga alikuwa amevaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, kope zimeganda, na cheo chake hakionekani. Bibi alifungua akiwa na koleo la majivu mkononi, akamwuliza ni wa upande gani. Mgeni alijibu kwamba yeye ni wa upande wa chai, kama ipo. Bibi akashusha koleo nusu, si lote.

Leo koleo limebaki nyumbani. Tumekupokea kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi yetu, na furaha tuliyo nayo imetufanya tuamke kabla ya majogoo.

HISTORIA YA BWAWA NA YA BARIDI ILE

Mgeni rasmi, sisi ni watu wa koropi. Samaki hawa wanene ndio waliotusomesha na kutuozesha. Mkesha wa Krismasi usio na koropi mezani kwetu ni kama harusi isiyo na bibi harusi.

Wavamizi walipofika, mvua za Oktoba zilikuwa zimegeuza mashamba kuwa uji. Magari yao yalizama hadi tumboni, na daraja lilikuwa limeshavunjwa. Basi walikaa ng'ambo wakingoja kitu kimoja: bwawa ligande kiasi cha kubeba kifaru. Zamani tuliposikia redio ikitabiri baridi kali tulishangilia, maana baridi kali huua wadudu wa shambani. Mwaka ule kila usiku wa baridi ulikuwa unawatengenezea adui zetu barabara.

Nasi tuliishi kama sungura. Umeme ulikatwa. Miti ilipukutika, ikabaki fito tupu zisizoficha hata kunguru. Moshi wa jiko uliwaonyesha wavamizi wa ng'ambo nyumba yenye watu, kwa hiyo tuliwasha moto siku za ukungu tu. Theluji nayo ni mmbea: ukimpelekea jirani mkate, inaandika njia yote kutoka kwako hadi kwake. Watoto wetu walipewa kazi ya kuburuta matawi nyuma ya kila mpita njia, nao wakaifanya kwa bidii kuliko hesabu.

Ndipo ulipotuita kwenye ghala la chini ya shule, ukatuambia shauri lako. Ulitaka tufungue lango la bwawa na kuyaachia maji. Hatukuhitaji maelezo marefu. Hapa kila mtoto ameshachapwa kwa kukanyaga ile tunayoiita barafu yenye njaa, yaani barafu ambayo maji yameondoka chini yake. Juu inang'aa, tumboni hamna kitu. Kifaru kikiikanyaga, kinaporomoka na paa hilo la barafu. Na tope la chini, likiwa limefunikwa na barafu kama blanketi, haligandi.

Tulielewa pia bei yake. Bwawa likiachiwa katikati ya baridi, koropi wote wanakufa.

Kelele ya siku ile unaikumbuka. Mhunzi wetu Zinoviy alikuuliza kama umewahi kuvua samaki maishani, au wa kwenu mjini hutoka kwenye kopo. Ulikiri kwamba hutoka kwenye kopo. Tulicheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kisha tukamtazama Bibi Paraska, kwa kuwa wale samaki walikuwa wake kabla hawajawa wetu. Mama yake aliwatunza, na bibi yake pia.

Bibi alipindua kitambaa chake magotini. Halafu akasema, "Fungueni. Samaki hawezi kuizidi shule nzima ya watoto."

Nawe ukamwambia, "Mama, okoa wale unaoweza kuwabeba. Sitaki nikumbukwe kama mtu aliyemaliza koropi wa Verbova Hreblia. Niahidi."

"Naahidi," alisema Bibi. "Nawe urudi uwahesabu."

Ukungu ulipotua, lango lilikuwa limegandiana na mawe. Zinoviy aliomba maji ya moto, na kijiji kizima kikawasha majiko kwa mpigo. Mgeni rasmi, hatujui kama umewahi kuona furaha ya namna ile katikati ya vita. Kila bomba likatoa moshi, ukungu ukaumeza wote, nasi tukakimbia na sufuria, birika, hata ndoo ya kukamulia maziwa, tukiteleza na kusukumana na kukemeana. Gurudumu lilipozunguka na maji yakaanza kunguruma, wengine tulilia, wengine tuliimba kwa sauti ya chini.

Ukungu ulipoondoka kifaru cha kwanza kiliteremka. Kilifika mbali kiasi cha kututia hofu, kisha barafu ikapasuka na kikaketi topeni hadi shingoni. Vilivyokuwa nyuma yake viligeuza. Vijana watatu walitambaa kutoka humo wakitetemeka, askari wako wakawachukua mateka, na Bibi Paraska akasema wapewe chai kwanza, maswali baadaye. Hatukushangilia mbele yao. Walikuwa na umri wa wanafunzi wetu.

Majira ya machipuko wavamizi walikuwa wamesukumwa mbali. Ila Bibi Paraska alikuwa bado na vita yake.

AHADI YA HODHI

Alikuwa amebeba koropi watatu wa uzazi, majike wawili na dume, akawatia kwenye hodhi lake la kuogea. Koropi akiwa kwenye baridi hulala, hali chakula wala hahangaiki. Akipata joto huamka, hutaka chakula, huchafua maji, hufa. Kwa hiyo ili samaki wake waishi, nyumba yake ilibidi ibaki baridi.

Hata siku za ukungu, sisi tulipowasha, Bibi hakuwasha. Tulimwita kwetu akakataa kulala, kwa sababu maji ya hodhi lazima yavunjwe utando wa barafu na kuchotwa na kumwagwa tena kwa kikombe ili yapate hewa. Alikuwa akikaa kando yao amejifunga makoti mawili na zulia la ukutani, akiwachotea, akiwatukana kwa mapenzi. Mlo ulipopungua, mmoja wetu (amesamehewa, tena yupo hapa amevaa tai) alimwendea kumwomba jike mmoja tu kwa ajili ya meza ya watu wengi. Bibi alimpa viazi vyake vya mwisho, akamfungia mlango.

Jike mmoja alikufa Februari. Bibi alimlilia kama mtu. Machi, daktari alimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto vilivyoliwa na baridi. Tulipokwenda kumpa pole akatucheka: "Vidole vyangu vilikuwa havitagi mayai. Huyu hutaga laki na laki."

MAFANIKIO

Theluji imeyeyuka na bwawa limejaa. Lango jipya la mwaloni amelitengeneza Zinoviy, nalo halivuji, isipokuwa mahali pamoja ambapo yeye anasema palikusudiwa. Kengele ya shule imelia tena.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, ukitazama mabomba ya nyumba zetu utaona mengi hayatoi moshi, na leo hatuogopi tena moshi. Majirani zetu wamelala kwenye kumbi za michezo za miji ya watu. Kila jioni wanapiga simu, hawaulizi habari za nyumba zao. Wanauliza maji yamefika wapi. Tunawaambia yamepanda. Lakini ufuko wa mashariki bado una mabomu ya kutegwa ardhini, na mama mwenye watoto hawezi kurudi kwenye ufuko wa namna hiyo.

MAOMBI

Tunaomba ufuko usafishwe kabla barafu ya kwanza haijarudi, ili baridi ijayo iwakute watu majumbani. Wewe unajua kwa nini hatuwezi kuomba kitu kikubwa kuliko hicho.

Ombi la pili ni la Bibi Paraska, naye yuko kiti cha mbele, na fimbo yake mpya. Alituonya tusimsifu, akatutuma tuseme maneno haya tu: "Binti, ulisema utarudi uwahesabu. Wahesabu."

Mungu akulinde wewe na askari wako, awarudishe wote waliotawanyika, na ayape maji haya uhai. Ni sisi, wakazi wa Verbova Hreblia, tuliopo na tulio njiani. Imesomwa kwa niaba yetu na Solomiya Harmash, mwalimu mpya wa shule.

Mgeni rasmi, pipa liko miguuni pako, ukingoni mwa bwawa. Funua turubai. Wako wawili, na wako hai.