Pumba Tamu za Kitandililo: Wasifu wa Hezekia Mwalongo, 1902–1953

Ndugu waombolezaji, Hezekia tunayemzika leo alizaliwa hapa hapa Kitandililo mwaka 1902, wakati wa kuvuna ulezi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Mwalongo na mama Dorika. Aliyemtangulia ni dada yake, Anyisile, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Mwaka 1905 baba yao alikunywa dawa ya maji, akaambiwa kwamba risasi haitampata, akaondoka na wenzake kwenda vitani. Hakurudi. Tangu hapo mama Dorika hakumwamini tena mtu yeyote aliyeanza maneno yake kwa kusema, "Dawa hii haidhuru."

Marehemu alibatizwa mwaka 1912 na kusoma shule ya misheni huko Kidugala. Alipenda hesabu kuliko kuimba, na walimu walimwacha apige kengele ili asiharibu kwaya. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika mwaka 1916, shule ilifungwa, naye akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Alirudi amebaki mifupa mitupu. Anyisile alimlisha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga hadi akasimama.

Mwaka 1927 Idara ya Kilimo ilimwajiri Njombe, na watu wakaanza kumwita bwana shamba. Kazi yake ya kwanza ilimpeleka Kifanya, kuwafundisha watu kupanda mahindi kwa mistari ya kamba. Katika shamba la mzee Nikodemo mistari ilikwenda upogo kila alipogeuka. Alipima upya, ikaenda upogo tena. Siku ya pili alimkamata binti wa mzee, Kristina, akihamisha vigingi. "Ukimaliza leo, kesho utakuja kufanya nini?" binti akamwuliza. Walifunga ndoa kanisani Kifanya tarehe 9 Juni 1928, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mzee Nikodemo alikuwa akiwaonyesha wageni shamba lake lililopinda na kusema ndiyo mahari aliyolipwa.

Familia ilijadiliana sana kama yafuatayo yasomwe. Mama Kristina ndiye aliyeamua. Alisema, "Mwaka ule watu walinong'ona. Leo tusinong'one."

Mwaka 1933 nzige wekundu walishuka kwenye nyanda zetu. Walikula ulezi, wakala mahindi, wakala hata majani ya paa. Walipoondoka waliacha mayai ardhini, na njaa ilikuwa imekwisha kuingia majumbani mayai yalipoanguliwa. Tunutu, watoto wa nzige wasio na mabawa bado, walifunika njia kama maji ya mvua. Mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Nzige alifika Makambako na lori lenye pumba za mahindi, sukari guru na mapipa ya sumu. Ilikuwa njia mpya ya kitaalamu: pumba zichanganywe na sumu, zitiwe utamu, zimwagwe njiani mwa tunutu. Marehemu ndiye aliyepewa kazi ya kuchanganya. Alichanganya kwa mikono mitupu, kama mtu anayekanda unga.

"Na watu je?" alimwuliza Bwana Nzige.

"Waambie wasile. Ng'ombe wafungwe. Basi."

Mama Dorika aliposikia, aliweka jembe chini. "Hiyo nayo wamesema haidhuru?"

"Hapana, mama. Hii wamesema inaua."

"Afadhali," alisema mama. "Lakini inanukia chakula."

Ni kweli, ilinukia chakula. Upepo ulipovuma kutoka mashambani, watoto waliokuwa hawajala waligeuza nyuso kule. Wazee walimjia marehemu na kumwambia, "Mwanangu, Serikali inawalisha nzige sukari, sisi tunafunga. Tuliikosea nini?" Akaona maneno hayatoshi. Jumapili baada ya ibada aliwakusanya watu nje ya kanisa, akamwaga kiganja cha pumba, akamwachia kuku. Kuku alidonoa akamaliza. Watu wakasubiri. Kuku akajikung'uta, akaenda zake kuparua chini ya ua. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, wakatawanyika kwenda makwao.

Kuku alikufa alasiri. Walioona ni marehemu na mkewe tu.

Kesho yake alimtembeza kuku yule nyumba kwa nyumba, amemshika miguu. Walimtazama kwa huruma. "Umemnyonga mwenyewe," mzee wa kanisa alimwambia, "ili tuogope. Tunakuelewa, umetumwa." Aliwaomba, akawakaripia, na mbele ya nyumba ya mwisho alipiga magoti. Kwa dada yake hakufika. Alisema moyoni kwamba Anyisile hahitaji kuambiwa.

Jumanne asubuhi aliitwa. Alimkuta Anyisile amelala pembeni ya jiko, ameshika tumbo, na mwanawe mdogo wa kiume amekwisha kukata roho. Binti yake mkubwa, Fidelia, alikuwa kisimani alipopikwa uji, akakuta sufuria tupu.

"Dada, nilisema isiliwe!"

"Nimeiosha," Anyisile alimjibu, na alikuwa akijitahidi kutabasamu. "Nimeiosha mpaka maji yakawa meupe, Hezekia. Kama muhogo mchungu. Usinigombeze."

Alifariki kabla ya jua kutua.

Marehemu alitaka kuacha kazi. Bwana Nzige alimwambia kwamba tunutu wakiota mabawa, wote waliobaki watakufa njaa, na katika hilo hakusema uongo. Basi baada ya maziko marehemu alirudi kwenye mapipa. Alikusanya kinyesi cha ng'ombe na kukichanganya humo, kwa mikono ile ile, hadi harufu ikawa ya kinyaa na hakuna aliyeweza kuitamani. Hakuna mtu mwingine aliyekufa. Tunutu walikufa malundo kwa malundo, na mwaka uliofuata Kitandililo ilivuna. Walioshiba mavuno hayo ndio waliohama benchi kanisani alipokaa.

Kuanzia mwaka 1946 viganja vyake vilianza kuwa vigumu kama gome, vikatoka vinundu. Madoa meusi na meupe yalitapakaa kifuani. Kidonda cha kiganja cha kushoto kilikataa kupona, kisha kikaja kikohozi. Wapo waliosema ni Anyisile anadai. Mwaka 1951 daktari mmoja alivitazama viganja hivyo kwa muda mrefu, akamwuliza kama aliwahi kushika sumu ya nzige. Marehemu alipokubali, daktari alimwambia kwamba siku hizi inajulikana: sumu ile haitoki, hukaa mwilini ikingoja miaka. Marehemu alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Kumbe nami niliila."

Mei mwaka huu mwanawe Manase alifika kumwona, akitokea bonde la Rukwa anakofanya kazi ya kuua nzige kwa unga mpya. Unga ulikuwa bado kwenye kola na nyusi zake.

"Huu ni tofauti, baba. Wataalamu wameupima. Unaua wadudu tu, mtu haudhuru."

Marehemu alimwomba asogee, akavishika viganja vyake, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa laini.

"Bado," alisema, akaviachia.

Marehemu Hezekia Mwalongo alifariki Jumanne, tarehe 14 Julai 1953, katika hospitali ya Njombe, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mama yake mzazi, Dorika, ambaye ameketi mbele yetu. Mjane wake, Kristina. Fidelia, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea kama wake. Na watoto wake Zipora, Enoki na Manase. Manase hakuwahi maziko. Lori lao limezuiwa huko kwa sababu ya nzige wapya walioonekana Rukwa, na amewaomba ndugu wamtupie udongo kwa niaba yake.

Mungu ampokee mja wake Hezekia, amlaze karibu na Anyisile, wapumzike kwa amani.